Ndege wa Bibi Jumirah

Keqiao, China
3 Juni 2023

Kwa mpendwa Budhe Murtiyah,

Assalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na dada zetu wachoraji, Yu Tarwi na Yu Kasmi na wenzao wote, wazima, na maji ya bahari yameshaondoka kwenye sakafu ya kiwanda chako cha batiki. Wiki iliyopita nilikupigia simu nikakuuliza habari za magoti, ukanijibu mara tatu kwamba umeshakula. Basi nimerudi kwenye kalamu kama ulivyoniamuru. Masikio yako yamestaafu, lakini macho najua bado yanachapa kazi.

Mimi sijambo. Mji huu ni vitambaa vitupu. Ukipishana na watu wawili njiani, mmoja anauza kitambaa na mwingine anatafuta cha kununua. Mchana nakula tambi kwa Waislamu wa kaskazini-magharibi, wananiwekea pilipili nyingi kwa sababu wanajua natoka Java. Ofisini wamenitoa kwenye meza ya barua, sasa niko kwenye meza ya michoro.

Siku moja nilivaa kile kitambaa cha Mbah ulichonitia kwenye sanduku siku ya safari. Bosi wangu, Bwana Qiu, akakiona akauliza kimetoka kwenye mashine gani. Nikamwambia mashine hiyo ilikuwa Mbah, bibi yangu mzaa mama, jina lake Jumirah, ilikuwa ikitumia kahawa na sigara za karafuu. Alicheka, kisha akaomba akitazame kwa karibu. Alikitazama mpaka chai yake ikapoa. Budhe, nilijiona mtu mbele yake. Kila wanaponisifu hapa kwamba nina jicho la rangi, najua sifa hiyo ni yako wewe uliyenilea baada ya mama, ukanikalisha mbele ya kikaango cha nta kabla sijajua kusoma.

Nisalimie wote.

Mwanao,
Wening


Pekalongan
24 Juni 2023

Nduk Wening, mwanangu,

Waalaikum salam. Barua yako imefika, na Yu Kasmi ameisoma kabla yangu, maana siku hizi anajifanya karani wangu. Amecheka sana hapo pa sigara za karafuu. Kweli Mbah alikuwa akivuta hivyo, majivu yakiangukia kwenye kitambaa, naye akiyafuta kwa ukingo wa kiganja bila kuinua kalamu ya nta.

Unauliza habari za maji. Yalitoka, yakarudi, yakatoka. Majiko tumeyainua juu ya matofali, sisi tunakaa kwenye viti virefu kama watu waliokuja kunyolewa. Maji siyaogopi. Ninachokiogopa nitakwambia. Mwaka juzi tulikuwa wanawake tisa, sasa tuko wanne. Watatu wamekwenda kushona suruali za jinzi, wawili wanamenya kamba wa baharini. Tulichora kitambaa kimoja mwezi mzima, mbele na nyuma, tukakipeleka sokoni. Mwenye duka hata hakukikunjua, alinionyesha simu. Humo kuna batiki za kuchapwa kwa mashine, zinatoka nje, bei yake ni bakuli la supu ya tauto. Bakuli la tauto lisilo na nyama, Nduk. Mtu anabonyeza kwa kidole akiwa kitandani, baada ya siku chache pikipiki inamletea mlangoni.

Yu Tarwi mwenyewe juzi alikuja amevaa moja. Aliponiona alitaka kujificha nyuma ya pipa la rangi. Nikamwambia buluu hiyo imemkaa vizuri, akaona haya zaidi. Sikumlaumu. Ana wajukuu watatu wa kuvisha, na hicho anachokichora kwa mikono yake mwenyewe hawezi kukinunua.

Wewe uko hukohuko kwenye vitambaa. Huwezi kunusa ni nani anayetuletea haya mambo? Ningependa walau kumjua jina.

Nikisema ukweli wote, hali ikiendelea hivi, baada ya Idi ya Lebaran ijayo nitafunga kiwanda. Mbah alikiacha na mimi sitakuwa na wa kumwachia. Sijawaambia wenzangu, na Yu Kasmi barua hii haisomi, naifunga mwenyewe.

Mama yako mkubwa,
Murtiyah


Keqiao
15 Julai 2023

Kwa Budhe,

Assalamu alaikum. Barua yako nimeisoma.

Hao wauzaji ni wengi mno, Budhe, huwezi kumshika mmoja ukasema ndiye huyu. Kampuni ni za huku, maduka ya mtandaoni yana majina ya kwetu, mnunuzi hajui anazungumza na nani. Kumjua jina kutakusaidia nini? Hao ni watu tu wanaotafuta riziki kama wengine.

Nisikilize basi, japo kwa macho. Watu wanataka nguo ya kuvaa kazini na kuifua kwa mashine. Kitambaa cha mwezi mzima wanakitaka siku ya harusi tu. Kwa nini usichanganye? Chora vichache, vingine chapisha. Nitakutumia mfano wa fremu za kuchapishia.

Nimesikia pia kwamba huko nyumbani kuna kelele za kuitaka serikali iwazuie wauzaji wa nje. Wakikuletea karatasi ya kutia sahihi, tafadhali usiharakishe. Sheria za namna hiyo huwaumiza wadogo waliomo ndani yake, wakubwa huwa wana njia nyingine.

Usifunge kiwanda. Nakuomba.

Wening


Pekalongan
9 Agosti 2023

Nduk,

Fremu zako zimefika. Yu Kasmi anaanikia vitunguu juu yake.

Jana Yu Tarwi aliniletea ile nguo yake ya buluu, mshono umefumuka begani, nimshonee kwa cherehani. Nikavaa miwani. Nikawaona ndege. Wale wawili wanaotazamana, mikia imepindana kwenda juu. Nikasema labda macho yananidanganya, michoro ya ndege ni mingi. Nikamtazama miguu yule wa kushoto.

Wewe unajua ninachokisema, lakini nitakiandika ili kiwe kimeandikwa. Siku ile Mbah alipokuwa akimchora yule ndege, tone la nta lilimdondokea mahali pa kidole cha nyuma. Mtu mwingine angelikwangua. Mbah akaligeuza tunda, ndege akawa ameshika tunda kwa vidole vitatu. Nilikuwepo, nilikuwa na miaka kumi na moja na ndimi niliyemgonga kiwiko. Hakurudia kuchora hivyo tena. Duniani kuna kitambaa kimoja tu chenye tunda hilo, nacho nilikitia kwa mkono wangu kwenye sanduku lako. Na sasa tunda hilo liko begani kwa Yu Tarwi, na kwenye simu ya Yu Kasmi nimelihesabu kwa rangi saba.

Nilishona ule mshono. Nilimrudishia nguo yake. Sikusema kitu kwa mtu.

Sasa sikiliza. Tarehe 29 maofisa kutoka Jakarta wanakuja ukumbi wa wilaya kuwasikiliza wachoraji wa batiki. Wenzangu wamenichagua nizungumze, wanasema mimi ndiye pekee ambaye hata akizomewa hatasikia. Atakuwepo pia wakili wa wauzaji wa mtandaoni, na kila mahali alikopita amesema michoro haina mwenyewe, ndege ni ndege. Nikikiweka kitambaa cha Mbah mezani kando ya nguo ya Yu Tarwi, hatakuwa na neno.

Nitumie kitambaa. Sikuulizi kitu kingine chochote.

Murtiyah


Keqiao
17 Agosti 2023

Kwa Budhe,

Leo ni sikukuu ya uhuru, huko kwenu watoto wanashindana kula chipsi za kerupuk zilizoning'inizwa, mimi niko hapa na barua yako.

Hukuniuliza, nami nitajibu. Duka la mtandaoni linalouza ndege hao ni letu, la kampuni ya Bwana Qiu, na mwenye kuliendesha ni mimi. Alikipiga picha kitambaa siku ileile chai ilipopoa. Nilimwona akipiga. Mwezi uliofuata akanionyesha jora la kwanza la ndege hao, akaniambia wewe unajua lugha yao, simama mbele ya kamera uuze. Nikasimama. Nazungumza lugha ya taifa na Kijava, nawatania wateja, nawaita Mbak na Ibu, dada na mama, nawaambia mimi ni mtoto wa Pekalongan, na huo si uongo. Watu elfu tatu kwa mara moja wananitazama, Budhe. Mimi, niliyekuwa nikitumwa dukani na wewe nikirudi nimesahau nilichotumwa. Najua kuuza. Ni kitu pekee nilichowahi kukijua kuliko wengine wote, na nilikuwa najiambia kwamba nikishakuwa mtu mkubwa nitarudi kukijenga upya kiwanda chako, kwa hiyo hakuna ubaya.

Kuna ubaya. Nimeuona kwenye lile tunda.

Lakini kitambaa sikitumi. Unataka serikali ifunge mlango, na anayesimama nje ya huo mlango ni mimi. Usinitake niwaletee na kufuli.

Nisamehe au usinisamehe.

Wening


Pekalongan
2 Septemba 2023

Nduk Wening,

Mkutano umepita. Nakuandikia mwenyewe kabla hujaandikiwa na watu, maana watu wetu unawajua, watatia chumvi mpaka isilike.

Nilikwenda na nguo ya Yu Tarwi peke yake. Yu Kasmi alikaa kando yangu, akawa ananiandikia kwenye daftari yanayosemwa. Wakili ni kijana mtanashati, kiatu chake hakijawahi kukanyaga maji ya hapa. Alisema aliyoyasema kwingine, ndege ni ndege. Nikasimama nikawaeleza habari ya kiwiko changu na tone la nta na tunda.  Ofisa akauliza, Yu Kasmi akaandika: "Kitambaa chenyewe kiko wapi, na muuzaji ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema sijui. Nilipofungua mdomo nikasema hivi: "Kampuni ni ya kigeni, lakini mkono unaokishika kile kitambaa nimeufundisha mimi. Ni mwanangu. Kama sheria iliacha mwanya, mtoto wa humu ndani akatoka nje ndipo aweze kuniuzia ndege wa mama yangu, basi zibeni mwanya. Mtoto niachieni mimi."

Jina lako sikulitaja. Hata hivyo mtaa wetu una akili, kufikia magharibi walikuwa wamekwisha kujua.

Na jambo lingine. Usiku wa kuamkia mkutano nilimwambia Yu Kasmi anionyeshe unavyouza. Sisikii kitu, niliangalia tu. Nduk, wewe ni fundi. Unavyokikunjua kitambaa kwa kifundo cha mkono kikateremka chote mara moja, unavyokisogeza kwenye mwanga kabla mtu hajaomba, hivyo sivyo nilivyokufundisha, umenipita. Nilitazama mpaka simu ikazima. Nilifurahi, nakwambia kweli, nilifurahi kama mjinga. Kisha nikagundua kwamba saa nzima hukukigeuza hata mara moja kuonyesha upande wa nyuma.

Kwetu mtu anachora mbele na nyuma, cha kuchapwa nyuma yake ni tupu. Hilo hujalisahau, ndiyo maana hukugeuza.

Budhe


Keqiao
29 Septemba 2023

Kwa Budhe,

Serikali ya kwetu imetangaza sheria. Umeshajua, lakini nakuandikia tangazo linavyoonekana ukiwa huku. Bidhaa ikitoka nje kwenda moja kwa moja kwa mnunuzi isiwe chini ya dola mia moja, na kuuzia humohumo ndani ya video ni marufuku. Kitambaa cha bei ya bakuli la tauto hakivuki tena. Ofisini watu wanapita wakinitazama kana kwamba nimefiwa. Bwana Qiu hakukasirika hata kidogo, huyo mtu hana muda wa kukasirika. Alining'inizia ramani akanionyesha Malaysia. Anasema lugha ni karibu ileile, mlango bado uko wazi, ndege walewale, sauti ileile, nianze wiki ijayo.

 Nilimwomba siku chache.

Nilikukasirikia wiki mbili nzima kwa yale ya ukumbini. Halafu nikawa najaribu kujiona mimi nimesimama pale, mbele ya maofisa, mwenye duka ni mwanangu, na kila neno ninalosema linamfunga. Nisingeweza, Budhe. Ningekohoa nikakaa chini. Sijui umeumbwa na nini.

Una furaha sasa? Nauliza kweli, si kwa kejeli.

Wening


Pekalongan
21 Oktoba 2023

Nduk Wening,

Unauliza kama nina furaha. Siku ile ya tangazo wenzangu waliimba, mimi nilikwenda kusafisha kikaango. Nilijua nimemfungia nani.

Na nikuambie jambo nililokuficha. Ile karatasi uliyoniambia nisiharakishe kuitia sahihi, nilikuwa nimeshaitia. Sahihi ya kwanza juu kabisa ni yangu, na barua yenyewe niliitunga mimi, mwezi wa tano, kabla sijajua lolote kukuhusu. Nilipowaona wale ndege ningeweza kwenda kulifuta jina langu. Nilifika hadi kwenye mlango wa katibu wa chama chetu cha wachoraji. Nikawakumbuka wale watano waliokwisha kuondoka, nikarudi nyumbani. Sijutii. Lakini nimelia, na sasa umejua.

Sheria haijatuletea maajabu. Nguo za kuchapwa bado zinaingia kwa magunia bandarini kwa wanaojua njia, na mji wa jirani wameanza kuchapa wenyewe. Ila mwenye duka sokoni sasa anakikunjua kitambaa kabla ya kusema hapana. Juzi walimu wa shule moja wameagiza vitambaa thelathini, na mmoja wa wale wa jinzi amerudi, anasema mgongo wake umemkumbuka Murtiyah. Kiwanda kimepata pumzi. Pumzi ya muda gani sijui. Wa kutuuzia vitambaa vyetu hatuna. Yu Kasmi alijaribu mbele ya simu, akaishia kuwasimulia watu habari za mume wake marehemu.

Malaysia ukitaka kwenda, nenda. Una miaka ishirini na tisa na riziki yako ni yako. Ndege uwaache. Hao hawajawahi kuwa wako wala wangu.

Sikuombi urudi.

Budhe wako


Keqiao
10 Novemba 2023

Kwa Budhe,

Nilimwambia Bwana Qiu siendi Malaysia na nikamwomba anirudishie mchoro wa ndege. Alinitazama kwa huruma, kwa kweli ni mtu mpole. Alifungua kompyuta yake akaufuta mbele yangu. Kisha akasema, "Umefurahi? Uko kwenye viwanda kumi na viwili." Budhe, hautarudi. Nimeutoa na siwezi kuurudisha, na hilo nitakaa nalo maisha yangu yote. Nakuambia ili usije ukadhani nimeokoa kitu.

Kazi nimeacha. Kitambaa cha Mbah ninacho, sijathubutu kukivaa tena.

Nataka kurudi nyumbani. Nimeandika sentensi hii na kuikata mara nyingi, sasa naiacha. Nataka kuuza kwa niaba yenu, wewe na hao wanawake, kitambaa cha mwezi mzima kwa watu watakaosubiri mwezi mzima. Najua watakuwepo, nimewasikia wakiuliza, nikawa nawapiga chenga. Lakini nitaingiaje humo kiwandani? Nilikuwa nachukua wateja wao mmojammoja nikicheka. Nitakaa wapi? Nitawatazamaje usoni? Yu Kasmi alikuwa akinisuka nywele. Waulize kwanza. Wakisema hapana, nitaelewa, na kitambaa nitakikabidhi kwa mtu akuletee.

Wening


Pekalongan
27 Novemba 2023

Nduk,

Niliwauliza. Niliwasomea barua yako yote wakiwa wamezunguka kikaango, nikawaambia atakayesema hapana simlaumu, na wasinionee haya kwa kuwa wewe ni mwanangu. Yule aliyetoka kwenye jinzi aliinamia kazi yake. Yu Kasmi alikuwa akipuliza kalamu ambayo haikuwa imeziba.

Ndipo Yu Tarwi akaweka kalamu yake chini. Alikuwa amevaa ileile nguo ya buluu, nadhani aliivaa makusudi. Akalichukua daftari la Yu Kasmi akaandika kwa herufi kubwa ili nisome vizuri, na wengine akawaambia kwa mdomo:

"Yeye aliuza. Mimi nilinunua. Mbona mimi bado nakaa hapa?"

Yu Kasmi akasogeza kiti kimoja kando ya kikaango. Njoo.

Budhe